Utepe Uliopungua Inchi Mbili

Chuoni, 3 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na mgongo umeacha kukusumbua. Mimi sijambo. Baba alinipigia wiki iliyopita akiwa njiani na lori lake, mtandao ukamkatikia katikati ya salamu, kwa hiyo sijui yuko wapi wala amebeba nini. Akipita nyumbani mwambie namsalimu sana na viatu alivyoniletea vinanitosha.

Sare mbili ulizotuma zimefika. Konda alinikabidhi kifurushi akaniambia, "Shangazi yako ameniapisha nisikikalie." Barua yako niliitoa mfukoni mwa gauni kama kawaida. Wenzangu chumbani wananicheka, eti zama hizi nani anaandikiana barua. Nikawaambia sheria ya shangazi yangu ni kwamba kwenye simu kila mtu ni mzima, hata aliye hoi. Wakaendelea kucheka.

Ratiba ndiyo ileile. Asubuhi wodini, mchana darasani, jioni kusoma. Mwaka wa tatu ndio wa mwisho, kwa hiyo kila mwalimu anataka somo lake ndilo lituue. Mitihani ni Julai, mahafali Septemba. Masomo yanaendelea vizuri.

Nimekurudishia gauni moja la sare kwenye kifurushi hiki. Naomba unibanie kiuno kidogo tu. Nguo imelegea kwa kufuliwa, sabuni ya huku ni kali.

Wasalimie majirani, hasa Mzee Gundi.

Mwanao,
Pini

*

Nyumbani, 12 Februari

Pini wangu,

Marahaba, mwanangu. Mgongo upo, na mimi nipo, tumezoeana. Baba yako alipita juzi akalala kama gogo, akaamka, akala, akaondoka. Kaka yangu huyo tangu utotoni anaaga kabla hajaketi. Viatu nimemwambia.

Mzee Gundi anakusalimu. Bado anashona viatu vya watu pale kibarazani kwangu na bado anapiga mluzi wimbo mmoja tangu mwaka ulioondoka. Nimemwambia abadilishe au ahame. Hajafanya lolote kati ya hayo.

Sasa wewe. Miaka thelathini na moja nakanyaga cherehani, sijaona pamba inayolegea kwa sabuni. Pamba ikifuliwa inarudi. Kama sabuni ya huko inatanua nguo, niletee katoni nzima, nina wateja wanene hapa wataniombea dua. Gauni nimelibana, inchi moja kila upande. Vifungo navyo nimevikaza upya.

Habari yenyewe ni hii. Nimepata kitambaa cha gauni lako la mahafali, lile la kuvaa ndani ya joho. Bluu iliyokoza, kizito kiasi, kinaanguka vizuri. Nimeshakata na kuunganisha kwa vipimo vya kadi yako, nimelivalisha lile sanamu langu lisilo na kichwa, nimeliweka mlangoni. Usiniulize mbona mapema hivyo, sipendi kushona kwa kukimbizana. Kila anayepita anauliza, "La nani hilo?" Nami namjibu, la muuguzi wangu. Mama mwenye duka la dawa ameshasema siku hiyo anafunga duka aje kukutazama. Mtaa mzima unahesabu miezi.

Nitumie vipimo vipya ili nimalizie. Kifua, kiuno, nyonga, mkono. Jipime asubuhi kabla hujala.

Ule vizuri.
Shangazi yako

*

Chuoni, 19 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Kila siku nasema leo nitaandika, na kila siku inaisha kabla yangu. Nafurahi baba alipata hata usiku mmoja wa kulala.

Gauni lililobanwa nimelipata, asante. Lakini Shangazi, vifungo hivyo umevishona kwa uzi gani? Kimoja kilinigomea kufunguka hadi nikachelewa wodini, na nilipotaka kukilegeza kwa mkasi, mkasi ukashindwa. Rafiki yangu wa chumbani anasema gauni litachanika, vifungo vitabaki. Na mishono ya vifungo siyo ile yako. Nimekaa chini ya cherehani yako tangu nikiwa naokota pini kwa sumaku, mkono wako naujua. Nani alishona?

Huku tumebandikiwa tangazo na mshauri wa wanafunzi: njia kumi za kupunguza msongo wa mawazo. Vuta pumzi, toa pumzi, kunywa maji mengi, lala kwa saa nane kila usiku, cheka na marafiki. Limebandikwa kando ya ratiba ya mitihani, ukisoma moja jicho linateleza kwa jingine. Mimi nimevuta pumzi na kunywa maji, nikaishia kushinda chooni. Kulala kwa saa nane sijajaribu, saa hizo sijui wanazipata wapi. Mshauri mwenyewe ni mmoja kwa chuo kizima na anapatikana Alhamisi tu. Alhamisi niko wodini.

Vipimo vyangu ni hivi: kifua 36, kiuno 29, nyonga 40, mkono 24. Unaona? Niko vilevile.

Ila kama inawezekana, lile gauni lisikae mlangoni. Linapigwa vumbi.

Pini

*

Nyumbani, 28 Machi

Pini,

Marahaba. Hapa hatujambo. Mvua imetoboa bati juu ya meza ya kukatia, Mzee Gundi ameziba kwa kipande cha mpira wa tairi na ile gundi yake. Anasema hakitavuja hadi kiama.

Gauni halipigwi vumbi. Nalifunika kila jioni.

Sasa nisikilize. Nimekaa na barua yako siku tatu nikitafuta namna ya kulisema hili kwa upole, upole haukuja. Hukujipima. Umeninakilia namba za ile karatasi niliyokuandikia kutoka kwenye kadi yako siku unaondoka.

Unauliza nimejuaje. Utepe wangu wa kupimia ni mbovu. Mwezi ule ule, kabla hujaondoka, niliusahau chini ya pasi, ukaungua kichwani, nikakata pale palipoungua. Inchi mbili za mwanzo zikaenda. Utepe wangu unaanzia mbili. Mimi najua, kila nikipima natoa mbili moyoni, lakini kwenye kadi naandika kama nilivyosoma, kwa sababu kadi zangu nazisoma mwenyewe. Kwa hiyo 36 yako ya kwenye karatasi ni 34 ya watu wengine wote. Ungeshika utepe mzima huko chuoni, hata kama hujapungua unyuzi mmoja, ungeniandikia 34, 27, 38. Umeniandikia zangu, na kosa lake.

Na huyu huyu ndiye aliyeniomba Februari nibane kiuno. Kiuno kimepungua, kiuno kiko vilevile. Chagua moja.

Mwanangu, mficha uchi hazai. Sijakasirika. Naam, nimekasirika, lakini siyo sana. Unakula? Nijibu hilo tu, mengine baadaye. Ukisema ndiyo, niambie jana ulikula nini na saa ngapi, maana nakujua.

Mishono ya vifungo usiisumbukie. Vimeshika, vinatosha.

Shangazi

*

Nyumbani, 27 Aprili

Pini,

Sijui kama uzima upo. Mwezi mzima hujaandika.

Nilikutumia kifurushi cha sweta na sabuni, kimerudi. Konda anasema alikaa nacho kituoni safari tatu na hukutokea kukichukua. Alikuwa anaona haya kunirudishia, maskini, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa.

Nilivunja sheria yangu nikakupigia simu. Ukasema, "Niko salama, Shangazi, niko wodini, nitakupigia." Hukupiga. Nyuma yako hapakuwa na wodi. Wodi ina kelele za sahani na watu wanaokohoa. Pale ulipokuwa palikuwa kimya kama sanduku.

Baba yako sijamwambia. Yuko barabarani, sitaki ashike usukani na hili kichwani.

Niandikie hata mstari mmoja. Niandikie matusi ukitaka.

Shangazi

*

Chuoni, 9 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Baba umefanya vizuri kutomwambia. Naomba usimwambie bado.

Ulisema mstari mmoja. Nimeanza karatasi nne nikazichana, hii ni ya tano na ndiyo niliyobaki nayo, kwa hiyo naandika kwa herufi ndogo ili yote yatoshe.

Sili. Yaani nakula, lakini chakula kikifika mdomoni kinakuwa kama pamba. Jana nilikunywa chai saa tano asubuhi na nusu ya kipande cha mkate jioni. Nywele zinabaki kwenye kitana. Namba nilinakili kweli. Nilipofunga utepe wa rafiki yangu kiunoni niliiona namba, nikaukunja utepe nikaurudisha.

Mwezi wa kwanza nilianguka mtihani wa somo la dawa. Nilipokuandikia Februari kwamba masomo yanaendelea vizuri, matokeo yalikuwa mfukoni mwa gauni nililokurudishia, nikayatoa dakika ya mwisho, nikaweka barua. Marudio ni Julai hiyo hiyo, pamoja na mitihani yote mingine. Nikaanza kusoma mara mbili. Nasoma ukurasa, naufikia mwisho, sikumbuki mwanzo. Narudia. Wenzangu wakiamka wananikuta ukurasa ule ule.

Halafu Aprili, wodini. Kuna bibi mmoja, mgonjwa wa moyo, alikuwa ananiita mjukuu na ananiwekea ndizi yake ya asubuhi. Ameandikiwa nusu ya kichupa cha dawa. Nikavuta kichupa kizima kwenye bomba la sindano. Sikuwa nimesinzia, macho yangu yalikuwa wazi na namba nilikuwa naiona. Nilikuwa nimeshamshika mkono bibi, yeye ananisimulia habari za kuku wake, Sista wa wodi akanidaka kifundo cha mkono. Hakunifokea. Akachukua lile bomba, akalitazama, akasema, "Nenda ukakae." Angefoka ningeona afadhali.

Tangu siku ile sijarudi wodini. Nikiona sindano, hata ya kushonea, nageuza uso. Uliponipigia simu nilikuwa bwenini, kitandani, mchana kweupe, nimevaa sare.

Najua utasema ningekwambia. Ningekwambiaje? Umelitundika gauni mlangoni. Kila nikifungua kitabu naliona. Namuona mama wa duka la dawa anafunga duka. Mtaa mzima unanihesabia miezi na mimi nahesabu siku nitakazoweza kujificha. Mimi ndiye lile sanamu lako, Shangazi, nguo nimevaa, kichwa sina. Nilikuomba kwa adabu uliondoe, nikasingizia vumbi. Sasa nakuomba bila adabu. Literemshe.

Jambo moja lingine. Na wewe unaficha. Herufi zako zinakua kila barua, ya Aprili mistari inateremka kama inakwenda sokoni. Kuhusu vifungo nimekuuliza, ukaliruka swali. Macho yana nini?

Pini

*

Nyumbani, 17 Mei

Pini,

Barua yako imefika.

Gauni halitateremka. Hujui lile gauni limenila nini. Nimelishona mshono mmoja mmoja, na sitalitoa mlangoni kwa sababu ya mtihani mmoja. Kuteleza si kuanguka. Wenzako wote wanasoma, wote wanachoka, hakuna aliyefia kitabuni. Mimi nilianza kazi hii nina miaka kumi na sita na sikuulizwa kama nimelala.

Kula, rudi wodini, soma. Sina zaidi.

Shangazi

*

Nyumbani, 1 Juni

Pini mwanangu,

Kabla ya salamu, isamehe barua ile. Kama hujaifungua usiifungue, itie motoni. Kama umeisoma, basi umeisoma, maji yakimwagika hayazoleki.

Salamu sasa. Hatujambo, ila si sana. Baba yako alipita, nikamwambia. Najua ulinikataza. Nilishindwa kumtazama usoni anakula huku mimi nimeficha. Akaisukuma sahani, akasema, "Mimi nikisinzia huegesha lori. Huyu nani alimfundisha kuendesha tu?" Akanitazama. Nikatazama chini.

Na sasa ya macho. Umeuliza, nakujibu. Ni mtoto wa jicho, yote mawili. La kushoto naona ukungu tu, la kulia naona lakini kama kwa kupitia kitambaa chepesi. Mwaka wa pili huu. Hospitali wamenipangia tarehe ya kusafishwa macho mara tatu na mara tatu sikwenda. Nilikuwa naogopa mkono wa daktari utateleza na gauni lako halijaisha. Nikasema kwanza nimuone Pini na joho lake, kisha waniharibie wapendavyo. Ndiyo maana ya haraka yote ile. Vifungo vya sare yako alishona Mzee Gundi. Kwa uzi wa viatu, ule wa nta. Nilipomfokea akasema, "Si ulitaka vishike?" Nimemkataza kugusa nguo ya mtu tena.

Na barua yako alinisomea yeye. Haya ndiyo yanayonitia aibu zaidi. Herufi ulizoandika ni ndogo kama mayai ya chawa, nilizisogeza hadi puani, sikuambulia kitu. Siku mbili nilitembea nayo. Mwisho nikampa. Alipofika kwa yule bibi na ndizi akanyamaza, nikadhani hajui kusoma neno, kumbe analia. Na mimi badala ya kulia nikakasirika, nikakuandikia upuuzi ule nikiwa bado na moto. Hata sikumsomea. Angenizuia.

Baadaye aliposikia nilichokuandikia, aliacha mluzi siku nzima. Kibaraza kikawa kimya, nikaona afadhali wimbo.

Pini, kwenye kazi yangu kila nguo naiachia inchi ndani ya mshono. Watu hawaioni, lakini ipo. Mtu akinenepa, akishika mimba, akikonda, nafungua mshono, nguo inamfuata. Fundi asiyeacha hiyo inchi ni mwizi, nimewaambia watu hivyo maisha yangu yote. Wewe sikukuachia hata nusu. Julai mtihani, Septemba joho, gauni limeshakatwa, mama wa duka ameshaalikwa. Nyani haoni kundule.

Jana asubuhi nililiteremsha. Nikakaa nalo mapajani nikalifumua. Mshono wa mabega, mbavu zote mbili, kiuno, mikono, upindo. Kushona kunahitaji macho, kufumua vidole vinatosha. Mama wa duka la dawa akapita akapiga kelele, "Umefanya nini? Gauni la mtoto!" Nikamwambia mtoto anasoma, akimaliza atamaliza, na duka lako usilifunge. Akakaa akanisaidia kuokota nyuzi. Kumbe na yeye alirudia mwaka wake mmoja na hakuwahi kumwambia mtu.

Sasa ni vipande saba vya kitambaa, nimevinyoosha kwa pasi, nimevikunja, viko kwenye kabati la chini. Kitambaa hakina haraka. Kama macho yatarudi nitashona, yasiporudi atashona mwingine. Siyo Mzee Gundi.

Omba ruhusa upumzike muhula. Kama chuo hakitaki, rudi hata bila ruhusa. Nisingependa urudi hivyo, lakini nakupenda kuliko nisivyopenda hilo.

Shangazi yako

*

Chuoni, 10 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya barua iliyopita niliyokuandikia bila heshima. Baba amenipigia. Mtandao haukukatika safari hii, tukasikilizana pumzi. Mwisho akasema anaegesha, akaegesha kweli, nikasikia lori likizimwa. Nikalia na yeye akasubiri.

Barua yako ya Mei nilikuwa nimeisoma. Niliisoma mara moja nikaiweka chini ya godoro. Ile ya Juni nimeisoma mara sita. Ya Mei nimeichana leo, kwa hiyo hayo yameisha.

Nilikwenda kwa Sista. Nilikaa nje ya ofisi yake hadi akatoka mwenyewe kunitafuta, alikuwa ananiona dirishani. Nilimwambia yote. Akaniambia kila mwaka anadaka mkono wa mtu, na kwamba wanaomtia hofu ni wale ambao kesho yake wanarudi kazini kama hakuna kilichotokea. Yeye ndiye aliyeniandikia barua ya ofisi ya masomo, akaenda nami, akakaa kiti cha pili mikono imefungwa kifuani hadi wakasaini. Nimeahirisha muhula. Nitarudi Januari kurudia somo la dawa na kumalizia wodi. Mahafali ya mwaka huu nitayaona kwenye simu za wenzangu. Nilipolisema hilo kwa sauti nilidhani litaniua. Nikaenda kulala saa mbili usiku, nikaamka saa nne asubuhi ya siku ya pili.

Yule bibi wa kuku ametoka hospitali. Mzima. Alimwachia Sista ndizi mbili za kunipa, zilikuwa zimeshaiva mno. Nilizila zote mbili, zina ladha ya ndizi, siyo ya pamba.

Haya ni vipimo vyangu. Nimepima asubuhi kabla sijala, kwa utepe wa rafiki yangu, mzima, una inchi zote: kifua 31, kiuno 24, nyonga 35. Mkono haujabadilika. Rafiki yangu ameweka sahihi yake hapo chini kama shahidi, kwa sababu najua sasa hivi neno langu halitoshi.

Natoka huku tarehe 20. Piga simu hospitali, uombe tarehe nyingine, baada ya hapo. Nitakuwepo kukufunga na kukufungua bandeji. Hiyo nilifaulu, ulizia. Namba za dawa bado naziogopa kidogo, asubuhi zaidi, lakini bandeji haina namba. Na kazi ya kutunga uzi sindanoni niachie mimi, Mzee Gundi arudi kwenye viatu.

Pini

*

Nyumbani, 15 Juni

Pini,

Marahaba zote mbili.

Naandika mwenyewe, usicheke mistari. Hospitali wamenipa tarehe 24. Baba yako anasema atakuwepo, na amesema ataketi.

Vipimo vyako alinisomea Mzee Gundi. Kwenye 24 ya kiuno akasita, akasema labda rafiki yako hajui kupima. Nikamwambia hapana, hii ni namba ya kweli, nilikuwa naisubiri tangu Februari.

Sikuiandika kwenye kadi. Kadi yako nimeichana na utepe nimeutupa. Ukifika usiingie moja kwa moja. Simama kwanza pale mlangoni, mahali lilipokuwa gauni, nije nikushike kiuno kwa viganja.

Shangazi yako